UZI: Sindano za kuondoa makunyanzi zimefika Kusini. Kabla hujatuma hela, soma hapa

Mfamasia wa Chuno (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara mjini, na nasikia Masasi na Lindi nako limefika. "Sindano ya kuondoa makunyanzi, dakika kumi tu, unatoka umerudi usichana." Mchomaji anatoka Dar, anafikia gesti, anachoma watu siku mbili, anaondoka. Namba ya kutumia hela iko hapohapo chini ya picha. Si jambo la kushangaza sana, msimu wa minada ya korosho kila biashara inashuka Kusini: simu, bodaboda, viwanja, na sasa nyuso. Ila tangu tangazo litoke, kina mama wanakuja dukani kuniuliza kama kitu hicho ni salama, na kulieleza jambo hili kaunta huku nyuma kuna mtu anasubiri dawa ya mtoto haiwezekani. Ndiyo maana nimeandika hapa. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Dawa yenyewe si ya kubabaisha. Ina utafiti wa miaka mingi na inafanya kazi. Ninachokikataa ni dawa hiyohiyo kuchomwa gesti, na mtu ambaye kichupa chake hukioni na kesho kutwa humpati.

Wengi wanaiita botox kwa ujumla, ingawa Botox ni jina la bidhaa moja tu. Zipo nyingine, kama Dysport na Xeomin. Zote zinatokana na sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Ndiyo, sumu, tena katika sumu kali kabisa zinazojulikana duniani. Bakteria huyo ndiye anayeleta ugonjwa wa botulizimu kwa mtu aliyekula chakula kilichofungiwa vibaya: macho yanaona mbilimbili, kope zinashuka, kumeza kunakuwa kazi, mwisho pumzi inakata. Miaka ya 1820 daktari Mjerumani Justinus Kerner aliandika kwa kirefu habari za watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika, na mzee huyo tangu wakati ule aliwaza kwamba kiasi kidogo sana cha sumu ile kingeweza kuwa dawa.

Ikachukua zaidi ya karne na nusu. Daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, ndiye aliyeitumia kutibu makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaipitisha kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao zinajifumba zenyewe. Urembo uliingia kwa mlango wa nyuma. Kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anatibu kope za mgonjwa, naye mgonjwa akalalamika mbona leo hukunichoma katikati ya nyusi, maana ukinichoma pale uso wangu unakuwa umetulia. Mume wa daktari, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Wakaifuatilia, wakachapisha matokeo mwaka 1992, na mwaka 2002 FDA ikaikubali Botox kwa mikunjo ya katikati ya nyusi.

Sasa inavyofanya kazi. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze, ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa hii inaingia kwenye ile ncha na kukata protini inayosaidia umwagaji. Amri haifiki, msuli unatulia. Basi. Haijazi shimo, haivuti ngozi, haing'arishi. Mkunjo unaojitokeza ukinuna, ukishangaa au ukicheka unalainika kwa sababu msuli wa chini yake umepunguza kazi. Mkunjo uliokwisha kujichora, ule unaoonekana hata ukiwa usingizini, unaweza kupungua lakini usitegemee ufutike.

Na matokeo hayaji siku hiyohiyo. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache, kwa wengi siku 3 hadi 5, yanakamilika kama wiki 2, halafu baada ya miezi 3 au 4 mishipa inajirekebisha na uso unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo anayekuambia "unatoka hapa umeshabadilika", ama dawa yake haijui, ama anachoma kitu kingine kabisa.

Naendelea chini, ngoja nihudumie watu.

Mtukutu wa Tandahimba

Bibi yangu alikuwa na nembo uso mzima na ndonya mdomoni, na mpaka anazikwa hakuna aliyewahi kumwambia ana makunyanzi 😂 Nyie wa mjini mna hela ya kuchezea.

Mfamasia wa Chuno

@Mtukutu, na zile chale za bibi zilichanjwa kwa kisu, bila ganzi. Usiseme watu wa zamani hawakuhangaikia uso. Liwa wamesaga, na ng'ambo ya Ruvuma Wamakua mpaka leo wanapaka msiro mweupe uso mzima. Hakuna ubaya mtu kutaka kupendeza. Swali ni nani anamshika uso.

Niendelee. Kuna suala la kipimo. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, Botox inachomwa uniti 20, zinagawanywa sehemu tano, uniti 4 kila sehemu. Ni tone dogo sana kila sindano. Kwa eneo hilohilo Dysport ni uniti 50. Siyo kwamba Dysport ni kali zaidi au dhaifu zaidi, ni kwamba kila kampuni ina namna yake ya kupima uniti na huwezi kuzibadilishana. Mchomaji asiyejua hilo, akisoma maelekezo ya bidhaa moja na kushika kichupa cha nyingine, ama anakuibia ama anakuzidishia.

Watu wa "sumu itakuua" nao niwape hesabu yao. Makadirio ya dozi inayoweza kumuua mtu mzima wa kilo 70 kwa kuchomwa ni kati ya uniti 2,500 na 3,000 za Botox. Kichupa halali cha Botox ya urembo kina uniti 50 au 100. Kwa hiyo umbali kati ya dozi ya urembo na ya kuua ni mkubwa, mradi kilichoandikwa kwenye kichupa ndicho kilichomo ndani. Mwaka 2004 kule Florida watu wanne walipooza na kuwekwa kwenye mashine za kupumulia kwa sababu walichomwa sumu ghafi ya maabara, isiyo ya kuchoma binadamu. Mmoja wa hao wanne alikuwa daktari mwenyewe aliyechoma. Na mwaka 2024, Marekani hiyohiyo yenye FDA, walihesabu watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika kwa sindano za botox feki au zilizochomwa kiholela, 11 kati yao wakalazwa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Sasa kama kwao feki inapenya, gesti yetu ya hapa inalindwa na nani?

Binti Mikindani

Mimi nimewahi kuchomwa, Dar, kwa daktari, miaka miwili nyuma. Naomba niseme ukweli wa pande zote.

Paji la uso lilitulia vizuri sana, siwezi kusema uongo. Maumivu ni kama kuumwa na siafu, kidogo kichwa kikauma jioni. Ila siku kama ya sita naamka, kope la kushoto limeshuka. Siyo kuvimba, limeshuka tu, nusu ya mboni imefunikwa. Mimi ni mwalimu. Nasimama ubaoni nimeinua kidevu ili nione darasa, kijana mmoja nyuma akamwambia mwenzake "leo madam kakesha". Kupiga picha nilikuwa nageuza upande wa kulia. Ilikaa zaidi ya mwezi ikaondoka yenyewe.

Daktari nilimrudia, hakunikwepa. Alinionyesha kwenye kioo dawa ilikotembea, akaniandikia matone ya macho ya kuinua kope kidogo, akaniambia hakuna sindano ya kuifuta, ni kusubiri. Namshukuru kwa hilo. Angekuwa wa gesti ningemtafuta wapi?

Mfamasia wa Chuno

Asante sana dada, na pole. Hilo la kope linajulikana, na hata kwenye utafiti wa bidhaa halali, zilizochomwa na wataalamu, lilitokea kwa kama asilimia 3 ya waliochomwa katikati ya nyusi. Dawa inateremka milimita chache tu, inaufikia msuli unaoinua kope. Ndiyo maana wanakuambia usisugue ulipochomwa, usilale saa nne za mwanzo, usifanye mazoezi mazito siku hiyo. Na ndiyo maana anayechoma lazima ajue msuli upi uko wapi chini ya ngozi, asiwe amejifunza kwa video.

Mengine ya kawaida ni kuvilia damu kidogo, kichwa kuuma, nyusi kushuka au moja kupanda kuliko nyingine, na ukichomwa vibaya karibu na mdomo cheko linaenda upande. Yote hupita. Lakini yanapita kwa ratiba ya dawa, si kwa ratiba ya harusi yako.

Mama wa Ng'apa, Lindi

Mwanangu mfamasia, mimi nina miaka 54, nina presha na sukari ya kumeza vidonge. Binti yangu anataka tuchomwe wote wawili kabla ya arusi ya mdogo wake. Yeye ananyonyesha. Nisaidie.

Mfamasia wa Chuno

Shikamoo mama. Presha na sukari zenyewe si kikwazo cha moja kwa moja, mradi zimedhibitiwa na anayekuchoma anazijua dawa zote unazokunywa, hasa za kulainisha damu, maana zinaongeza kuvilia. Binti anayenyonyesha asichomwe. Hakuna utafiti wa kutosha kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na makunyanzi hayana haraka, mtoto akishaacha ziwa yatakuwepo tu yanamsubiri.

Namwita @Daktari wa Zamu aongezee, hapo yuko nyumbani kwake.

Daktari wa Zamu

Nimeitwa nimeitika. Mfamasia amesema vizuri, naongeza yale ninayoyaogopa mimi.

Mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli, kama miastenia gravis, hii siyo yake. Misuli yake tayari inapokea amri kwa shida, ukimwongezea hii unaweza kumfungia pumzi. Tatizo ni kwamba wengine hawajui kama wanao. Mtu ambaye kila jioni kope zinakuwa nzito, anatafuna nyama taya linachoka, huyo apimwe kwanza kabla hajafikiria uso. Vilevile mwenye jipu au maambukizi sehemu ya kuchomwa, na mwenye mzio wa dawa hiyo. Dysport ina chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe, mwenye mzio wa maziwa aseme.

Halafu dawa. Hapa kwetu genta, yaani antibayotiki ya jentamaisini, inachomwa kwa kila kitu. Dawa za kundi hilo zinaongeza nguvu ya sumu hii kwenye misuli. Ukiwa kwenye dozi ya genta, au umetoka tu kuchomwa, mwambie anayekuhudumia.

Sasa hili naomba mlisome taratibu. Tangu mwaka 2009 FDA imezilazimisha bidhaa hizi zote ziwe na onyo zito lililozungushiwa kiboksi kwenye maelezo ya dawa: dawa inaweza kusambaa mbali na ilipochomwa. Dalili zinaweza kuanza saa chache baadaye au wiki kadhaa. Kuona mbilimbili, sauti kukwaruza au maneno kutokunyooka, kumeza mate kwa shida, shingo kushindwa kubeba kichwa, kuishiwa pumzi. Kwa dozi ya urembo ya dawa halali ni nadra mno. Kwa dawa isiyojulikana, sina la kusema. Ukiona dalili hizo usimpigie mchomaji, nenda hospitali usiku huohuo. Ukiwa Mtwara ni Ligula au hospitali ya kanda kule Mitengo, ukiwa Lindi ni Sokoine. Na usifiche. Mgonjwa akificha kwa aibu, sisi tunaanza kuhangaika na kiharusi, tunapoteza saa. Kuna dawa ya kuzuia sumu iliyo bado kwenye damu, lakini iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu haiifukuzi. Hapo kinachobaki ni kumsaidia mtu apumue mpaka mishipa ijirudie.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Kwa hiyo mnakubali ni sumu halafu bado mnasema siyo mbaya? Wazungu wanatuletea sumu tunashangilia.

Daktari wa Zamu

Mkuu, hiyohiyo "sumu" inatumika kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ambao miguu imekakamaa wanatembelea vidole, ili kisigino kishuke wavae kiatu. Inatumika kwa shingo iliyopinda yenyewe. Mwaka 2010 FDA iliikubali kwa kipandauso sugu, na hapo dozi ni uniti 155, mara nyingi zaidi ya urembo. Dozi ndiyo inayoamua.

Ustadh Chikongola

Assalaam alaykum. Nimesikia ndani yake kuna damu ya binadamu. Ni kweli?

Mfamasia wa Chuno

Waalaykum salaam Ustadh. Ni kweli kwa sehemu. Botox, Dysport na Xeomin zote zina albumini, ambayo ni protini inayotolewa kwenye plazma ya damu ya binadamu, ikasafishwa. Kazi yake ni kuzuia dawa isigande kwenye kuta za kichupa na isiharibike. Ni kiasi kidogo mno. Upande wa dawa nimemaliza, hukumu yake naiacha kwenu mashehe, msinitupie.

Glow na Dada Wakala

Nimenyamaza nimesoma yote. Mnaharibia watu riziki. Dada yetu ana cheti cha mafunzo, ameshachoma watu wengi Dar na Dodoma, hakuna aliyekufa. Dawa ni orijino. Anasafiri nayo kwenye deli la barafu. Bei yetu tumeishusha ili mwanamke wa Kusini naye apendeze, siyo mpaka uwe mke wa mheshimiwa. Wivu tu.

Mfamasia wa Chuno

Karibu dada, na afadhali umekuja mwenyewe. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Naomba tuzungumze kuhusu hilo deli.

Botox, kichupa kikiwa hakijafunguliwa, kinatakiwa kikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Xeomin inavumilia joto la kawaida la chumba, hiyo ni tofauti. Basi linatoka Dar alfajiri. Barafu ya deli inayofungwa Mbagala, mimi nimesafiri njia hiyo mara nyingi, ukifika Nangurukuru kula wali imeshakuwa maji, na hapo Lindi hujaiona. Joto la ndani ya buti la basi unalijua. Kuna kipimajoto humo ndani? Mkifika gesti dawa inawekwa wapi, kwenye friji ya soda inayofunguliwa kila dakika? Umeme ukikatika usiku, nani anajua?

Dawa hii ni protini. Ikipata joto huwezi kuiona kwa macho kama imeharibika, haibadiliki rangi wala harufu. Mara nyingi itakachofanya ni kutokufanya kitu. Mteja anachomwa, haoni mabadiliko, anaambiwa "mwili wako mgumu, tuongeze". Anaongezewa. Na anayechomwa mara kwa mara bila kuacha angalau miezi mitatu anajiweka kwenye hatari ya mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa. Siku akiihitaji kwa ugonjwa wa kweli, haimsaidii.

Halafu kichupa ni unga mkavu. Kinachanganywa na maji ya chumvi ya hospitalini, na kikishachanganywa Botox inatakiwa itumike ndani ya saa 24, ikiwa frijini, kwa mgonjwa mmoja. Nyie mnakaa siku mbili na foleni mlangoni. Vichupa vingapi mnakuja navyo? Mkiongeza maji ili kitoshe watu wengi, dawa inakuwa nyepesi, inaisha mapema na inatawanyika kufika kusikotakiwa, ndiyo yale ya kope la Binti Mikindani. Bomba moja likigusa watu wawili, hapo hatuzungumzii makunyanzi tena, tunazungumzia homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Hii ni dawa, siyo losheni. Vipodozi viko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, lakini hii iko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na TMDA wana ofisi ya kanda hapahapa Mtwara. Kwa hiyo maswali yangu kwako ni mafupi. Jina la bidhaa ni lipi? Namba ya toleo? Imesajiliwa TMDA? Anayechoma ni daktari aliyeko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari la Tanganyika? Ukijibu hayo hapa mbele za watu, mimi mwenyewe nitaomba msamaha na kuwapigia debe.

Mtukutu wa Tandahimba

Ngoja nilete kiti 🍿

Dada Shangani

Wakati tunamsubiri wakala. Mimi niliambiwa "botox ya midomo", eti inajaza midomo na mashavu. Ndiyo hii?

Daktari wa Zamu

Hapana dada, hapo wamekuchanganyia mambo mawili. Kinachojaza ni fila, aghalabu ni jeli ya asidi ya hyaluroniki. Ile inaongeza ujazo, hii inatuliza msuli. Hatari zake pia ni tofauti. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inauziba, ngozi ya pua au mdomo inaweza kufa, na ikifika mishipa ya jicho mtu anapofuka palepale kitandani. Kwa fila ya aina hiyo ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini lazima aliyekuchoma awe nayo mkononi na ajue kuitumia ndani ya muda mfupi. Fila ya gesti ndiyo inayoninyima usingizi kuliko hata hii.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Mimi nina miaka 27. Je, nikichomwa sasa yatachelewa kuja uzeeni? Na nikiacha si yatarudi mabaya zaidi?

Mfamasia wa Chuno

Ukiacha uso unarudi ulikokuwa, haulipizi kisasi. Unaona mabaya zaidi kwa sababu ulishazoea uliotulia.

Ila mdogo wangu, miaka 27, ngozi nyeusi? Weusi wetu una melanini nyingi, inakinga jua, ndiyo maana mistari hutuchelewa kuliko watu weupe. Unachohitaji ni kuacha kuiharibu hiyo kinga. Mkorogo ndio unaowazeesha mabinti wa mji huu. Krimu zenye steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, jua likipiga inaungua, na zenye zebaki zinashughulika na figo zako kimyakimya. Mtu anachubua miaka mitano halafu anatafuta sindano ya kuondoa mistari. Acha mkorogo, paka mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kofia au mtandio ukienda ufukweni mchana, sigara na shisha weka chini. Ukitaka dawa hasa, kuna tretinoini ya kupaka usiku, kidogokidogo, kwa ushauri wa daktari, na siyo ukiwa mjamzito au unatafuta mimba.

Na kuna kitu kimoja cha kwetu. Nimeletewa dukani mwanamke kutoka kijiji kimoja huko Newala aliyeambiwa apake mafuta ya ganda la korosho "yachubue makunyanzi". Mashavu yote mawili malengelenge, moja limeshapasuka linatoa maji, jicho halifunguki. Wabanguaji wote wanajua yale mafuta yanavyokula vidole, sijui nani aliwaza kuyapeleka usoni. Nilimwelekeza hospitali. Msithubutu.

Glow na Dada Wakala

Dada yuko bize na wateja, atajibu maswali yenu inbox. Hatuna muda wa malumbano.

Mtukutu wa Tandahimba

Kiti kimerudishwa.

Mwali wa Masasi

Jamani mimi nimeshatuma elfu hamsini ya kushika nafasi kwa huyohuyo. Zamu yangu Jumamosi. Nifanyeje?

Mfamasia wa Chuno

Mwombe picha ya kichupa, pande zote, jina na namba ya toleo na tarehe ya kuisha visomeke. Mwenye dawa halali hana sababu ya kukataa. Ukiipata, ipeleke TMDA wakuangalizie, au ilete hapa tuisome wote, ficha tu namba yake ya simu.

Mwali wa Masasi

Ametuma. Jina la dawa linasomeka. Sehemu ya tarehe imekwanguliwa, anasema ilichubukia kwenye barafu. Namba ya toleo siioni kabisa.

Daktari wa Zamu

Kifuniko cha juu kipo au kimeng'olewa?

Mwali wa Masasi

Kimeng'olewa. Na ndani kuna maji, siyo unga.

Mfamasia wa Chuno

Leo ni Jumatano, zamu yako ni Jumamosi. Kimeshachanganywa, na bado hajapanda hata basi. Dai hela yako sasa hivi kabla hajazima simu, na picha hiyo usiifute, kesho asubuhi ipeleke TMDA.